Shajara ya Mradi: Kuihamisha Kompyuta Yangu kutoka Windows 10 hadi Linux Mint

Jumamosi, 4 Oktoba 2025

Ninaufungua mradi huu kwa maandishi kwa sababu najijua: nikifanya jambo la kiufundi bila kuliandika, baada ya wiki mbili sikumbuki tena nilibonyeza wapi, na kosa lile lile hunirudia kama deni.

Kompyuta yangu mpakato niliinunua Kampala mwaka 2019, ikiwa imekwisha kutumiwa na mwingine. Ina prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha 5, kumbukumbu ya gigabaiti 8 na diski ya kuzunguka ya gigabaiti 500, nayo ndiyo ninayotungia mitihani ya Kiswahili, kuhesabia alama na kuandalia vipindi hapa Jinja. Siku kumi zijazo, yaani tarehe 14 Oktoba, Microsoft inakoma kutoa visasisho vya kawaida vya usalama kwa Windows 10, mfumo uliotoka Julai 2015. Windows 11 nayo haiipokei rasmi mashine hii, kwa kuwa inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi, ukiacha chache za kizazi cha 7. Ipo njia nyingine ya kujiandikisha ili kupata visasisho kwa mwaka mmoja wa nyongeza, hadi 13 Oktoba 2026, lakini niliitazama nikaona kwamba mwaka kesho, wakati kama huu, nitakuwa nimekaa kwenye kiti hiki hiki nikiandika aya hii hii.

Nimechagua Linux Mint 22.2, mfumo huru wa kuendeshea kompyuta unaotumika badala ya Windows, toleo liitwalo Zara, lililotoka mwezi uliopita. Limejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na litatunzwa hadi mwaka 2029, muda ambao unaitosha kompyuta ya umri huu. Mwalimu wa Kiswahili hawezi kulipita jina Ubuntu bila kusimama kidogo: ni neno la kusini mwa Afrika lenye shina lile lile la utu wetu na la obuntu wa jirani zangu Waganda na Wasoga, nalo lilipewa mfumo huo mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini.

Mpwa wangu anayesoma Makerere nilimpigia simu nikitarajia anipe orodha ya amri za kuandika. Badala yake akaniambia, "Mjomba, usianze na mfumo, anza na kazi zako. Andika kila programu unayoitumia, kisha ujiulize kule itakuwa nini." Nimeandika. Orodha ni fupi kuliko nilivyodhani: ya kuandikia, ya majedwali, kivinjari, na ya kusomea PDF. Mashaka yangu yote yako kwenye hizo mbili za mwanzo, kwa kuwa karani wa shule na walimu wenzangu watabaki na Word na Excel, nami nitabadilishana nao faili kila wiki.

Uamuzi wa mwisho wa leo: sitaifuta diski ya zamani. Nitanunua diski mpya ya SSD, aina isiyo na sehemu inayozunguka, niitoe ya zamani nzima nzima, niiweke kabatini, na mfumo mpya niuingize kwenye hiyo mpya. Likinishinda, nitafungua skrubu na kurudi nilikotoka.

Jumapili, 5 Oktoba

Leo ilikuwa siku ya nakala za akiba, na nusu yake imepotea kwa sababu ya flashi.

Niliinunua barabarani jana, imeandikwa gigabaiti 64, na bei yake ilinifurahisha kuliko ilivyostahili kumfurahisha mtu mwenye akili timamu. Nilinakili folda ya nyaraka, kompyuta ikasema imemaliza, lakini nilipojaribu kufungua faili za mwishoni zikawa hazifunguki, nyingine zikiwa na jina na ukubwa lakini tupu ndani. Mpwa wangu alinielekeza kwenye programu ndogo iitwayo H2testw, ambayo huijaza flashi kwa data inayoijua, kisha huisoma tena na kulinganisha. Baada ya zaidi ya saa nzima ikatoa hukumu: uwezo halisi haufiki gigabaiti 8. Flashi za namna hii hudanganya kwa kutangaza ukubwa mkubwa. Ukishapita uwezo wake wa kweli, unachoandika kinamwagika au kinafunika ulichoandika kwanza, bila onyo lolote. Kama ningekuwa nimeifuta diski ya zamani kwa kuiamini flashi hii, mitihani ya miaka sita ingekuwa imekwenda.

Nimenakili upya kwenye diski ya nje niliyoiazima kwa mwalimu wa jiografia, na safari hii nimefungua faili kumi na tano kutoka folda mbalimbali kabla ya kuridhika.

Jumanne, 7 Oktoba

Faili ya ISO ya Mint, yaani faili moja iliyobeba mfumo mzima wa kusakinisha, ina karibu gigabaiti 3. Katika nchi ambayo kila kifurushi cha intaneti kinabeba ushuru wa asilimia 12 tangu Julai 2021, ulipoiondoa ile kodi ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii, mtu hapakui gigabaiti 3 mara mbili kwa moyo mweupe. Mimi nimepakua mara mbili. Jana usiku mtandao ulikatika katikati, kivinjari kikaendelea baadaye na kutangaza kwamba kazi imekamilika, lakini nilipoandika amri ya certutil kwenye dirisha la amri la Windows ili kupata alama ya SHA256 ya faili, ambayo hubadilika faili ikiharibika hata kidogo, alama hiyo haikulingana na iliyotolewa na Mint. Herufi na tarakimu 64, nami nilikuwa nimezilinganisha kwa kidole kama mtoto anayejifunza kusoma. Leo alfajiri nimepakua upya bila kukatika, na alama zimelingana.

Kisha nikatumia programu ya Rufus kuiandika ISO hiyo kwenye flashi nyingine, ya mpwa wangu, iliyopimwa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Siku ya Uhuru, shule imefungwa, na mpwa wangu amekuja Walukuba kwa chakula cha mchana, ingawa alijua wazi kwamba chakula hicho kina kazi.

Kubadili diski kulichukua dakika kumi: skrubu za kifuniko cha chini, betri nje, diski ya zamani nje, SSD ndani. Kwanza tuliiwasha kompyuta kutoka kwenye flashi bila kusakinisha chochote, kwa kuwa Mint inakuruhusu kuujaribu mfumo mzima ukiwa bado kwenye flashi. Sauti ilitoka, mwanga wa skrini ulipungua na kuongezeka, kamera ilifanya kazi, na kibodi haikuwa na neno. Waifai haikuonekana kabisa. Mpwa wangu hakushtuka. Alisema hilo ni la kesho.

Katika kusakinisha kuna mahali pawili tuliposimama kufikiri. Pa kwanza ni usimbaji wa diski. Kompyuta hii ina alama za wanafunzi zaidi ya mia mbili, nami husafiri nayo kwenye taksi, kwa hiyo tumechagua diski nzima isimbwe, na sasa huniuliza nenosiri hata kabla ya mfumo kuanza. Nenosiri hilo likisahaulika, hakuna fundi wa kulifungua, hivyo nimeliandika kwenye karatasi inayokaa mbali na kompyuta. Pa pili ni ramani ya saa, ambapo nilibofya Afrika Mashariki na jina Kampala likajitokeza lenyewe. Hilo si jambo la kufikiria, lakini tulilitazama kwa muda hata hivyo.

Kusakinisha kwenyewe kulichukua dakika 17. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku nzima, na chakula kilikuwa bado hakijaiva.

Ijumaa, 10 Oktoba

Waifai kwanza. Kidude cha waifai cha kompyuta hii kinahitaji kiendeshi, yaani programu ndogo ya kukiwezesha kifanye kazi, ambacho mtengenezaji wake hakukitoa kwa msimbo wazi, kwa hiyo hakiingizwi moja kwa moja katika mfumo. Ili kukipata unahitaji intaneti, na ili kupata intaneti unakihitaji. Njia ya kutokea ni simu: niliiunganisha kwa waya wa USB, nikawasha mipangilio ya kugawa intaneti kwa USB, na Mint ikaichukua kama mtandao wa waya bila kuuliza swali. Nikafungua kidhibiti cha viendeshi, kikakitaja kidude kwa jina, nikabofya, nikawasha upya, na mitandao ya majirani ikajipanga kwenye orodha.

Hapo ningelala. Lakini nilitaka visasisho vyote viingie leo leo, na umeme ukakatika visasisho vikiwa katikati. Betri yangu haifikishi nusu saa. Nilijua, nikapuuza, na kompyuta ikazima. Ninaishi karibu kabisa na bwawa la Nalubaale, lililofunguliwa mwaka 1954, na wageni hudhani sisi wa Jinja hatujui giza.

Umeme uliporudi saa nne usiku mfumo uliwaka, ila kidhibiti cha visasisho kilikataa kufanya lolote na kuleta ujumbe kwamba kazi ya dpkg ilikatizwa, na kwamba ni lazima niendeshe amri sudo dpkg --configure -a kwa mkono wangu. Dpkg ni chombo kinachofungua vifurushi vya programu na kuvipanga mahali pake. Kikikatizwa, huacha vifurushi vingine vimefunguliwa lakini havijapangwa, na amri hiyo hukiambia kikamalize kilichobaki. Niliiandika herufi kwa herufi. Mistari ilipita kwa dakika tatu, ikasimama, na kila kitu kikawa sawa. Lililonipendeza ni kwamba ujumbe wa kosa ulitaja na dawa yake.

Baada ya hapo nimewasha Timeshift, ambayo hupiga picha ya hali ya mfumo ili uweze kurudi nyuma ukiharibikiwa. Nijikumbushe hapa: kwa kawaida Timeshift haigusi nyaraka zangu, huhifadhi mfumo tu. Nakala za nyaraka ni kazi nyingine.

Jumapili, 12 Oktoba

Leo nimefika kwenye jambo nililolihofia tangu mwanzo, nalo ndilo lililobeba uzito wote wa mradi.

Nilifungua kwa LibreOffice, programu huru za ofisi zinazoshika nafasi ya Word na Excel, mtihani wa muhula uliopita wa kidato cha pili. Katika Word ulikuwa na kurasa 4 kamili, na swali la mwisho la utungaji likikaa chini kabisa ya ukurasa wa nne. Hapa ukawa na kurasa 5: jedwali la ngeli limekatika katikati, ufahamu umesukumwa, na utungaji uko peke yake kwenye ukurasa wa tano kama yatima. Dhana yangu ya kwanza ilikuwa kwamba LibreOffice haisomi vizuri faili za Word. Haikuwa hivyo. Mtihani ule niliuandika kwa fonti ya Calibri, ambayo ni mali ya Microsoft na haimo katika Linux, na fonti iliyowekwa badala yake ina herufi pana zaidi kidogo. Kwa neno moja hutaiona tofauti; kwa kurasa nne inageuka kuwa ukurasa mzima.

Dawa ipo, na imefikiriwa kwa akili nyingi. Zipo fonti huru ambazo zilichorwa ili kila herufi yake iwe na upana ule ule wa herufi ya fonti inayoigwa, hata kama umbo ni tofauti: Carlito kwa Calibri, Caladea kwa Cambria, na familia ya Liberation kwa Times New Roman, Arial na Courier New. Liberation nilikuwa nazo tayari. Carlito na Caladea hazikuwemo, nikaziingiza kutoka kidhibiti cha programu. Nilipoufungua mtihani tena, kurasa zilikuwa 4, na utungaji umerudi mahali pake. Nilikaa nikiupitisha juu na chini kwa muda, nikitafuta mstari uliohama, nikakosa.

Nimechukua somo la vitendo hapo: mitihani mipya nitaiandika kwa Liberation Serif, na anayeifungua kwa Times New Roman atapata mistari inayoishia pale pale.

Jingine ni ukaguzi wa tahajia. LibreOffice ilipiga mistari myekundu chini ya kila neno la Kiswahili kwa kuwa ilidhani ninaandika Kiingereza kibovu. Niliingiza kifurushi cha hunspell-sw, nikaiweka lugha ya waraka kuwa Kiswahili, na bahari ya wekundu ikapungua. Haikukauka. Kamusi ya aina hii hulinganisha maneno, na vitenzi vyetu hubeba sentensi nzima tumboni. Inajua andika na inajua aliandika, lakini ukiipa hatukuwaandikishia inakutazama kwa mshangao. Bado inanikamatia herufi zilizoruka, na hilo linatosha.

Menyu zenyewe nimeziacha kwa Kiingereza baada ya kuzijaribu kwa Kiswahili na kukuta nusu zimetafsiriwa na nusu la. Orodha ya lugha ilinipa Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania, na kwa Uganda ikanipa Luganda. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, ila mashine bado haijaarifiwa. Kazi ya kutafsiri programu si ngeni kwa majirani zetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, toleo la Kiswahili la programu ambayo LibreOffice ilizaliwa kwayo mwaka 2010.

Jumanne, 14 Oktoba

Siku yenyewe imefika. Nimefundisha vipindi vitano, nimesahihisha madaftari, na sikuikumbuka tarehe hadi jioni.

Jumapili, 19 Oktoba

Jedwali la alama. Mwalimu aliyenitangulia katika idara alilitengeneza kwa Excel, lenye makro: ukibofya kitufe, linajumlisha tathmini endelevu kwa asilimia 20 na mtihani wa mwisho kwa asilimia 80, linatoa daraja na kupanga wanafunzi kwa nafasi. Calc ya LibreOffice inaelewa sehemu ya lugha ya makro za Excel, lakini si yote, na kitufe hiki kiliangukia upande usioeleweka. Kilibofyeka, kikanyamaza.

Nilipoteza mchana kujaribu kuitibu makro kabla ya kujiuliza swali rahisi: inafanya nini ambacho fomula za kawaida haziwezi? Jibu lilikuwa hakuna. VLOOKUP inatafuta daraja katika jedwali dogo la pembeni, RANK inatoa nafasi, na COUNTIF inahesabu wangapi wamepata daraja gani. Zote ni zile zile katika Calc na katika Excel. Nimelijenga upya bila kitufe, na sasa linafunguka kwa kila mtu. Katika kulijenga nimegundua pia kwamba makro ile ilikuwa ikipunguza desimali kwa kushuka badala ya kukadiria, kwa hiyo kwa miaka mitatu mwanafunzi mwenye 69.9 alipewa 69. Hilo nitalipeleka kwenye kikao cha idara, si hapa.

Jumapili, 26 Oktoba

Niliisifu mno diski ya kabatini, leo nimeihitaji. Nenosiri la barua pepe ya idara nililihifadhi miaka mingi iliyopita ndani ya kivinjari cha Windows, na sikulinakili popote. Nyaraka ningezisoma kwa kuichomeka diski hiyo kwenye kifuko cha USB, lakini nenosiri lililohifadhiwa hivyo linahitaji Windows yenyewe iwake. Skrubu tena.

Windows iliwaka ikaniambia ni saa tano asubuhi, wakati adhana ya adhuhuri ilikuwa imekwisha kitambo na saa ya ukutani inaonyesha saa nane mchana. Tofauti ya saa 3 kamili, nayo ina sababu: Linux huiweka saa ya ndani ya kompyuta kwa wakati wa kimataifa, kisha hujiongezea saa 3 za Afrika Mashariki inapoonyesha, ilhali Windows huisoma saa ile ile ikidhani tayari ni wakati wa hapa. Sisi tunaosema saa mbili asubuhi huku skrini ikiandika 8:00 tumezoea tofauti ya saa 6, na sasa mashine ilitaka kuniongezea nusu yake. Kama ningekuwa natumia mifumo yote miwili kila siku, ningeiambia Linux ifuate wakati wa hapa kwa amri ya timedatectl set-local-rtc 1. Kwa ziara moja sikujisumbua.

Nililiandika nenosiri, na kabla ya kutoka nikaizima Windows nikiwa nimeshikilia kitufe cha Shift. Bila hivyo, mfumo wake wa kuwasha kwa haraka huiacha diski katika hali ya nusu usingizi, na Linux huikubali kwa kusoma tu, bila kuandika. Nataka diski hii baadaye iwe ya nakala za akiba.

Jumamosi, 8 Novemba

Mitihani ya mwisho wa mwaka imechapwa. Kwa duka la fotokopi mjini nilipeleka PDF, ambayo hubeba fonti zake ndani na haijali kompyuta ya duka ina nini. Karani wa shule hakuitaka PDF, kwa kuwa yeye huongeza nembo na maelekezo ya msimamizi juu ya ukurasa wa kwanza, hivyo yeye nilimpa faili ya Word. Nilisimama nyuma ya kiti chake alipoifungua. Kurasa zilikuwa 4. "Mwalimu, kuna tatizo?" akaniuliza, kwa kuwa sikuondoka. Nikamwambia hakuna.

Jioni nimeifuta diski ya zamani, nimeiumbiza upya, na nakala ya kwanza ya nyaraka zote imeingia humo. Faili kumi na tano nimezifungua kama mwanzo.

Limebaki moja. Mwalimu mwenzangu aliyenunua kompyuta mpya amenitumia mazoezi ya fasihi simulizi yaliyoandikwa kwa Aptos, fonti mpya ambayo Microsoft imeiweka badala ya Calibri kuwa chaguo la mwanzo la Word. Hii sina fonti ya upana ule ule ya kuiwekea, na kurasa zake 6 kwangu ni 7. Nimemwandikia kumwomba ayabadili yawe Times New Roman kabla ya Jumatatu. Hajajibu.